Gego la Mwisho na Siku Tatu za Maumivu

Watu wa Mosocho, karibu na mji wa Kisii, wanaijua vema kazi ya kuvumilia. Mkulima wa huko hupanda na kushuka vilima akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, na kijana wa Kigusii hufundishwa tangu siku ya kutahiriwa kwamba mwanamume halii mbele ya kisu. Ushujaa huo ni jambo la sifa. Lakini kuna wakati mmoja ambapo ushujaa umewadanganya watu wengi, nao ni baada ya kutolewa gego la mwisho, lile liitwalo jino la akili.

Mtu aliyetolewa gego hilo kwa kupasuliwa aghalabu hufanya kosa moja kati ya mawili. Kosa la kwanza ni kungoja mpaka maumivu yawe makali ndipo ameze dawa. Kosa la pili ni kuendelea kunyamaza maumivu yanaporudi siku ya nne au ya tano, akidhani kwamba kunyamaza ndiko kuvumilia. Kosa la kwanza humnyima usingizi bila sababu. La pili laweza kumtia katika hatari kubwa. Mwenye kuijua ratiba ya maumivu haya, yaani saa yanapoanza, siku yanapozidi na siku yanapopasa kupungua, huepukana na yote mawili.

KWA NINI GEGO HILI HUPASULIWA

Mtu mzima ana meno 32 kama yote yameota. Magego manne ya mwisho, moja katika kila pembe ya kinywa, huota kwa kawaida kati ya umri wa miaka 17 na 25, na ndiyo sababu yakaitwa meno ya akili, kwa kuwa huja wakati mtu anapohesabiwa kuwa amekomaa. Kwa hiyo wanaosumbuliwa nayo zaidi si wazee. Ni rika la wanafunzi wa madarasa ya juu, kama wale wa Shule ya Upili ya Cardinal Otunga iliyoko Mosocho, na makarani wapya, na waendesha bodaboda, na mama wenye watoto wachanga.

Mara nyingi taya huwa halina nafasi ya kutosha. Gego hulala ubavu na kulisukuma jirani yake, au hutokeza nusu tu, na nusu nyingine ikabaki chini ya ufizi. Chakula hunasa hapo, ufizi huvimba, na usaha hufuata. Si kila gego la mwisho litolewalo. Lililokaa sawasawa na kufikiwa na mswaki huachwa. Daktari wa meno hulitazama kwa picha ya eksirei kabla ya kuamua.

Likiwa ni la kutolewa, daktari hupiga sindano ya ganzi, hupasua ufizi, hupunguza mfupa kidogo, na pengine hulikata gego vipande viwili au vitatu ili litoke bila kuliumiza taya. Kisha hushona kwa uzi. Kazi hiyo si sawa na kung'oa jino lililolegea. Ufizi umekatwa na mfupa umeguswa, na mwili hupeleka damu na maji mahali hapo ili kuanza kuponya. Ndipo shavu huvimba, taya hukakamaa, na maumivu huja. Maumivu ya siku za kwanza si dalili kwamba daktari amekosea.

USHUJAA WA ZAMANI NA GANZI YA SASA

Wagusii si wageni wa upasuaji. Waganga wao walioitwa omobari walijulikana kwa kufungua fuvu la kichwa ili kumponya mtu aliyeumwa na kichwa siku nyingi baada ya kupigwa au kuanguka. Kazi hiyo iliendelea hata katika karne ya 20, na madaktari wa hospitali waliandika habari zake katika majarida ya utabibu. Mgonjwa wa siku hizo hakuwa na njia nyingine ila kuvumilia.

Ulimwenguni kote hali ilikuwa hivyo hivyo, hata ilipofika tarehe 11 Desemba 1844, siku ambayo daktari wa meno Horace Wells wa mji wa Hartford, Marekani, alikubali kung'olewa gego lake mwenyewe baada ya kuvuta gesi ya kupoteza maumivu. Ganzi ya sindano itumiwayo sana na madaktari wa meno leo, yaani lidokeini, ilitengenezwa na Nils Löfgren wa Uswidi mwaka 1943. Nayo dawa ya ibuprofeni, ambayo watu wengi wa Kenya huiita brufeni, iligunduliwa na Stewart Adams na wenzake wa kampuni ya Boots mjini Nottingham, Uingereza, ikaanza kutolewa kwa wagonjwa wa huko mwaka 1969.

Kwa hiyo mtu wa leo ana ganzi ya kumkinga wakati wa kupasuliwa, na vidonge vya kumkinga baadaye. Ila ganzi husimamiwa na daktari, na vidonge husimamiwa na mgonjwa mwenyewe nyumbani kwake. Hapo ndipo mambo huharibika.

RATIBA YA MAUMIVU

Mfano mzuri ni wa mkulima wa Mosocho ambaye amepigwa sindano ya ganzi saa nne asubuhi katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Saa sita mchana yuko njiani kurudi nyumbani. Mdomo wake bado ni mzito kama si wake, wala hasikii maumivu yo yote. Hujiona amepona, akaweka vidonge mfukoni, na kusema kwamba atavimeza akiumwa.

Kufikia saa saba au saa nane ganzi huanza kumwacha. Jioni hiyo na usiku wake ndio wakati wa maumivu makali kuliko yote. Akimeza kidonge wakati huo, kitachukua muda wa nusu saa hata saa nzima kabla ya kufanya kazi, na katika muda huo atateseka bure.

Siku ya pili na ya tatu uvimbe huongezeka hata shavu likafanana na la mtu aliyeficha kiazi kinywani. Hilo si jambo la kutisha. Baada ya siku ya tatu uvimbe na maumivu hupungua siku kwa siku, na wengi hurudi katika kazi zao kabla ya juma kwisha, ingawa taya laweza kukakamaa kwa juma moja au mawili.

Basi dawa ya kwanza yapasa kumezwa kabla ganzi haijaondoka, yaani kwa mkulima yule, saa sita ile ile alipokuwa hasikii kitu. Katika vilima vya Kisii, ambako mvua ni nyingi, mwenye shamba hachimbi mtaro wakati maji yamekwisha kuchukua udongo. Huuchimba mawingu yangali mbali.

DAWA MBILI NA NAMNA YA KUZIMEZA

Mahali palipojeruhiwa mwili hutengeneza kemikali zinazoleta joto, uvimbe na maumivu. Ibuprofeni huzuia kutengenezwa kwa kemikali hizo, na kwa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikitangulia. Parasetamo, ambayo watu huijua kwa jina la biashara la Panadol, hupunguza maumivu kwa njia nyingine. Kwa kuwa njia zao ni mbalimbali, dawa hizo mbili zaweza kusaidiana bila kugombana.

Mwaka 2013 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima tafiti za tiba, lilitangaza matokeo ya tafiti 7 zilizohusu watu 2,241 waliotolewa magego ya mwisho ya taya la chini. Ilionekana kwamba ibuprofeni ya miligramu 400 huzidi parasetamo ya miligramu 1,000 kwa kutuliza maumivu hayo, na kwamba kuzitumia zote mbili pamoja kwaonekana kuwa bora kuliko kutumia moja peke yake. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa meno cha Marekani nacho kilitoa mwongozo unaotanguliza dawa za jamii ya ibuprofeni, peke yake au pamoja na parasetamo, mbele ya dawa kali za jamii ya afyuni. Dawa hizo mbili ni za bei nafuu, nazo zapatikana katika maduka ya dawa ya Kisii.

Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima mwenye afya ni ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku, baada ya kula kitu, na parasetamo vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, bila kuzidi vidonge vinane katika saa 24. Mtu mwembamba sana au kijana mdogo hupunguziwa. Lakini kipimo alichoandika daktari aliyemwona mgonjwa ndicho cha kufuatwa.

Jambo moja lapasa kuelezwa hapa, kwa maana limewapoteza wengi. Daktari akiandika "moja mara tatu", watu hudhani kwamba maana yake ni asubuhi, mchana na jioni pamoja na chakula. Basi mtu humeza saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja usiku, kisha hukaa saa 12 nzima bila dawa, na maumivu humwamsha saa tisa usiku. Mara tatu kwa siku maana yake ni kila baada ya saa nane. Mkulima yule aliyeanza saa sita mchana atameza ibuprofeni tena saa mbili usiku, na tena saa kumi alfajiri baada ya kunywa kikombe cha maziwa. Parasetamo ni rahisi zaidi kukumbuka: saa sita na saa kumi na mbili, mchana na usiku. Simu ya mkononi yaweza kutegwa ili ilie saa hizo. Ratiba hii yafaa kufuatwa siku mbili au tatu za kwanza hata kama mtu anajiona ana nafuu, kisha dawa hupunguzwa kadiri maumivu yanavyopungua.

Wako watu wasiofaa kutumia ibuprofeni pasipo ruhusa ya daktari: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mama mja mzito, mtu ambaye pumu yake huamshwa na aspirini, na anayetumia dawa za kuzuia damu isigande. Hao wote na waseme habari zao kabla ya kupasuliwa. Hali kadhalika, vidonge vingi vya kichwa viuzwavyo dukani vina parasetamo au aspirini ndani yake chini ya majina mengine. Mtu akivichanganya na vile vya hospitali, aweza kupita kipimo bila kujua, na parasetamo iliyozidi huharibu ini. Yafaa kusoma maandishi ya pakiti kabla ya kufungua.

MAMBO YA KUEPUKA

Katika tundu alimotoka gego hukaa donge la damu. Donge hilo ndilo kifuniko cha mfupa, na likitoka mapema mfupa hubaki wazi. Kwa hiyo mgonjwa huuma kitambaa alichopewa na daktari kwa nusu saa hata saa moja. Katika saa 24 za kwanza hasukutui kwa nguvu, hatemi mate kwa nguvu, wala hanywi kwa mrija. Sigara na ugoro haifai kabisa kwa siku kadhaa, kwa kuwa tumbaku huchelewesha kupona. Chai ya moto na uji wa moto huamsha damu, basi vinywaji na vipoe kwanza.

Siku ya kwanza kitambaa kilichochovywa katika maji baridi huwekwa shavuni kwa dakika 20, kisha huondolewa kwa muda, na kurudiwa. Usiku mgonjwa hulala kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Asichukue mzigo wala kushika jembe kwa siku mbili tatu, maana kuinama na kujikaza hurudisha damu. Kuanzia siku ya pili husukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai katika bilauri moja, hasa baada ya kula, na meno mengine huyapiga mswaki kama kawaida.

Chakula si shida kwa mtu wa Kisii. Ndizi zilizopondwa, parachichi, viazi vitamu vilivyopondwa, mayai, maziwa na uji wa wimbi uliopoa vyote vyafaa. Muwa, mahindi ya kuchoma na karanga vingoje mpaka kidonda kifunge.

Kuna watu wanaosaga aspirini na kuiweka juu ya ufizi. Dawa hiyo haifanyi kazi hapo. Huuchoma ufizi na kuongeza kidonda, na tena huzuia damu isigande. Mafuta ya karafuu, ambayo sifa yake inajulikana tangu Unguja na Pemba hadi bara, kweli yana kitu cha kutuliza maumivu, na madaktari wa meno hukitumia katika dawa zao. Lakini mafuta hayo yakimiminwa na mtu mwenyewe juu ya kidonda kibichi huunguza. Pombe nayo si dawa ya jino. Yaongeza damu, na ikikutana na vidonge huudhuru mwili. Dawa za kuua vijidudu, kama amoksilini, hazitulizi maumivu, basi haifai kuzinunua bila kuandikiwa. Na vidonge vikali vya jamii ya afyuni, kama tramado, visichukuliwe kwa rafiki. Huko Marekani vijana wengi waliandikiwa vidonge vya namna hiyo baada ya kutolewa magego ya mwisho, na baadhi yao wakanaswa na mazoea mabaya.

MAUMIVU YANAPORUDI

Baada ya siku ya tatu maumivu yapasa kupungua. Yakizidi badala ya kupungua, ni ujumbe, na ujumbe huo haufai kufichwa kwa ushujaa.

Mara nyingi sababu ni kwamba donge la damu limetoka na mfupa umebaki wazi. Hilo huonekana hasa kati ya siku ya tatu na ya tano. Maumivu huwa ya kupwita, hupanda mpaka sikioni, na kinywa huwa na harufu na ladha mbaya. Vidonge pekee havitoshi, wala dawa za kuua vijidudu si tiba yake. Mgonjwa hurudi kwa daktari wa meno, naye huosha tundu na kutia dawa ya kulifunika, na mara nyingi nafuu huja siku ile ile. Kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini asiyerudi aweza kukaa na maumivu hayo juma zima au zaidi.

Sababu nyingine ni ya hatari. Vijidudu vikiingia chini ya taya, uvimbe huwa mgumu na kushuka shingoni. Homa huja, kinywa hakifunguki, mate hayamezeki, ulimi huinuka, na pumzi huwa nzito. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig alieleza uvimbe wa namna hiyo mwaka 1836, na kabla ya kupatikana kwa dawa za kuua vijidudu uliwaua wengi kwa kuziba njia ya pumzi. Hata leo mtu mwenye dalili hizo asingoje kupambazuke. Na apelekwe hospitali usiku huo huo.

Damu isiyokoma baada ya kuuma kitambaa safi kwa saa nzima ni sababu ya kurudi upesi pia. Vilevile mdomo au kidevu kikiwa bado na ganzi siku ya pili, daktari aambiwe.

KAZI YA WALE WA NYUMBANI

Mgonjwa wa siku ya kwanza hawezi kusema vizuri, naye huwa na usingizi na hasira. Kwa hiyo karatasi ya dawa yafaa kushikwa na mtu mwingine: mke, mume, mama, au mlezi wa bweni kama ni mwanafunzi. Huyo aandike saa kila kidonge kinapomezwa, autazame uvimbe kila asubuhi, na kuuliza swali moja siku ya nne: je, maumivu ni kidogo kuliko jana? Mwajiri naye na ampe karani wake ruhusa ya siku mbili au tatu bila kumwona mvivu.

Jibu la swali hilo likiwa ni ndiyo, mgonjwa apunguze vidonge na kurudia kazi yake polepole. Likiwa ni hapana, basi hata kama yeye mwenyewe asema kwamba aweza kuvumilia, na asindikizwe kwa daktari siku hiyo.